Unga wa Picha: Maisha ya Maman Bibiane M'Mushagalusa, 1968–2025

Padri wetu, wazee wa familia, majirani wa Nyamugo, na ninyi maman wa soko la Kadutu mliotoka mjini alfajiri kuja hadi hapa Mumosho: anayewasomea ni Colombe, mdogo wa marehemu wa kumfuata. Wengi mnanijua kama mwalimu wa kemia wa watoto wenu. Kaka yetu mkubwa, papa Mardochée, alikuwa ameandaa ukurasa mmoja wa kusoma leo, na ndani yake dada yetu alikuwa "mama wa mfano aliyechukuliwa na ugonjwa wa muda mrefu". Ukurasa huo hatukuuchapa. Mtasikia sababu zamu yake ikifika.

Bibiane alizaliwa hapa Mumosho, upande wa mto Ruzizi, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa papa Mushagalusa na maman Nathalie. Papa alilima ndizi na maharage. Maman yuko hapa leo, ana miaka themanini na moja, na ameomba kiti chake kiwekwe karibu na kaburi, si chini ya hema. Tulizaliwa watatu: Mardochée, Bibiane, na mimi. Bibiane ndiye aliyenibeba mgongoni maman alipokuwa shambani, na alama ya kisigino changu ilikuwa kwenye ubavu wake, ndivyo alivyopenda kusema.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1974 hadi 1980, akaingia sekondari, kitengo cha ualimu. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini masista walimpa kazi ya kuchora ramani na viungo vya mwili kwenye mbao za madarasa yote, kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Januari 1985 papa aliangukiwa na mti aliokuwa anaukata, akafa palepale. Bibiane akaacha masomo akiwa mwaka wa tano. Mimi niliendelea. Hakuna aliyeniuliza kama ni haki, na mimi sikuuliza.

Mwaka 1986 alishuka Bukavu kwa mjomba wetu Christophe, ndugu ya maman, aliyekuwa na studio ya picha pale Nyawera. Siku hizo picha ilifanyiwa kazi. Nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu na mabeseni matatu, na karatasi nyeupe ilizamishwa kwenye beseni la kwanza hadi uso wa mtu ukajitokeza polepole. Bibiane alikijua chumba hicho ndani ya miezi mitatu. Mjomba alisema mbele ya watu kwamba yeye anapiga, lakini picha ni za Bibiane.

Niseme hapa kitu ambacho kitarudi hadi mwisho wa habari hii. Katika beseni la kwanza kulikuwa na unga mweupe, chembe zake kama sindano ndogo. Sisi tuliuita unga wa picha. Jina lake ni hidrokinoni. Haukuchimbwa wala haukulimwa, watu waliutengeneza kiwandani. Kwenye karatasi ya picha, unageuza chumvi ya madini ya fedha iliyopigwa na mwanga kuwa nyeusi, na ndiyo maana nywele na macho yetu yanaonekana. Viwanda vinautumia pia ili mpira na plastiki visiharibike upesi. Na daktari wa ngozi anaweza kuutumia kidogo sana, kwa wiki chache, kwenye doa moja, mgonjwa akijilinda na jua. Maana unga uleule unaoleta weusi kwenye karatasi, kwenye ngozi unauzuia. Hiyo yote ni kweli, na hakuna ubaya ndani yake. Ubaya tuliuleta sisi.

Mwaka 1991 mzee mmoja wa Idjwi alikuja na mke wake kupigwa picha, ya kwanza maishani mwao. Walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakabadilisha nguo kwa jirani, wakakaa wima kama nguzo. Bibiane alikosea maji ya beseni, picha ikaungua. Mzee aliporudi kuichukua, hakukuwa na kitu. Hakugomba, alisema tu, "Basi tulivaa bure," akaenda zake. Jumapili iliyofuata Bibiane alipanda boti ya mota na mashine ya picha ya mjomba shingoni, akatembea saa tatu kisiwani akiuliza nyumba kwa nyumba, hadi akawapata wanavuna mananasi. Aliwapiga wakiwa na majembe yao. Alirudi na mananasi mengi hata sisi na majirani tulichoka kuyala. Huyo ndiye dada niliyekuwa naye. Nawaomba mmshike huyo pia moyoni, maana Bibiane wa pili anakuja.

Tarehe 17 Julai 1993, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani na Edouard, fundi wa redio, mwanamume mpole aliyecheka kwa mabega bila sauti. Walipata watoto wawili: Elodie, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1995, na Parfait, aliyezaliwa 1998. Mjomba Christophe alifariki mwaka 1999 akamwachia Bibiane studio. Edouard alikufa Juni 2004, siku za mapigano mjini, risasi ikimkuta kwenye mlango wa duka lake. Bibiane alimlilia mwaka mzima. Hakuolewa tena.

Mikono yake ilikuwa imeanza kubadilika zamani. Vidole vilivyoingia kwenye beseni kila siku vilikuwa vyeupe kuliko sehemu nyingine ya mkono, kama amevaa glovu. Wateja waliona. Mwaka 1994 nilikuwepo studio mwanamke mmoja alipomshika mkono, akaugeuza-geuza.

"Maman Biby, hii mikono unainawisha na nini?"

"Siinawishi na kitu. Ni dawa ya picha."

"Basi unipatie kidogo, nipake ku uso."

"Hapana. Hii haiko dawa ya mutu. Ni ya karatasi."

Alikataa hivyo miaka mingi. Nataka lisikike hilo. Alikataa akiwa na mume, akiwa na kazi, akiwa na foleni ya watu wanaotaka picha za komunyo. Halafu zikaja mashine za dijitali, halafu simu. Kufikia mwaka 2006 chumba cha giza kilikuwa na mapipa mawili ya unga na hakuna karatasi hata moja ya kuuwekea. Alikaa kwenye kiti cha wateja akiangalia barabara.

Januari 2007 alikuja kwangu shuleni, saa ya mapumziko.

"Colombe, asilimia ni kitu gani?"

Nilimweleza. Aliuliza asilimia mbili ni kiasi gani kwenye kilo moja ya mafuta ya kupaka. Nilichukua mizani ya maabara ya shule, nikampimia. Sikumuuliza ni ya nini. Mwalimu wa kemia hawezi kusema hakujua.

Alijaribu kwanza kwenye uso wake mwenyewe. Baada ya miezi miwili alikuwa rangi ya ndizi iliyoiva, na wanawake wa mtaa wake wa Nyamugo walikuwa wanasimama mlangoni kwake. Alihamia soko la Kadutu, akapata meza. Asilimia mbili haikutosha, kwa sababu wenye meza za jirani waliuza kali zaidi. Alipanda hadi nne, halafu nane, halafu kumi na mbili, na akaanza kuchanganya ndani yake pomada ya cortisone, ile inayolainisha ngozi kwa haraka na kuifanya nyembamba. Alikuwa amejifunza kupima. Hakunihitaji tena.

Elodie alizaliwa mweusi sana, kama koko wake, mama ya mama yake, Nathalie aliyekaa hapa mbele yetu. Alikuwa mtoto wa kujivunia, mrefu, mwenye meno mazuri na kicheko cha baba yake cha mabega. Mwaka 2009, alipofikisha miaka kumi na nne, mama yake alimketisha kwenye kiti cha studio ya zamani.

"Nani atanunua kwangu, kama mutoto yangu mwenyewe iko vile?" alisema.

Alimpaka asubuhi na jioni. Elodie ameniruhusu niseme alichokuwa anamwambia mama yake wiki zile za kwanza.

"Maman, inaniunguza."

"Kama inaunguza, njo inafanya kazi."

Kila mchanganyiko mpya ulipimwa kwenye uso wa Elodie kabla ya kwenda sokoni. Ukimtoa vipele, Bibiane alipunguza. Usipomtoa, aliuza. Miaka miwili baadaye mtoto yule alikuwa mweupe kiasi kwamba watu walisimama njiani kumwangalia. Mama yake akampiga picha, nzuri sana, lazima niseme, kwa sababu jicho lake lilikuwa bado lilelile. Picha hiyo ikabandikwa kwenye kila kikopo, na juu yake jina la Kifaransa: Teint d'Elodie, yaani rangi ya Elodie. Sokoni hamkusema jina lote. Mlisema, "Maman Biby, Elodie iko?" "Unipatie Elodie mbili." Na Elodie mwenyewe alikuwa amesimama pale nyuma ya meza, anawarudishia chenji.

Mwanzoni mwa 2016 madoa mawili yalitokea chini ya macho yake. Hayakuwa mekundu. Yalikuwa meusi yenye ubluu, kama masizi ya sufuria. Bibiane aliogopa. Alisikia kwamba daktari wa ngozi amekuja mjini kwa wiki mbili, na tarehe 18 Februari, siku ya Alhamisi, tulikwenda wawili, yeye na mimi, tukiwa na picha za Elodie kwenye simu na kikopo kwenye mfuko. Elodie hatukumchukua. Bibiane alisema atakosa masomo.

Daktari alikiangalia kikopo, akakinusa, akaangalia picha muda mrefu. Alituuliza kama huyu wa kwenye kikopo na huyu wa kwenye simu ni mtu mmoja. Tukasema ndiyo.

"Maman, hii ni hidrokinoni," alisema. "Ukiitumia nyingi, miaka mingi, ngozi inaanza kuikusanya ndani, inakuwa nyeusi vile. Hakuna sabuni ya kuitoa. Lakini ni madoa mbili. Aache leo, avae kofia, hayatazidi. Mukiendelea, itachukua uso yote."

Bibiane aliuliza, "Na kama tunaongeza nguvu?"

Daktari alimtazama. "Nimesema leo, maman."

Tulirudi kwa miguu kutoka hospitali hadi Nyamugo. Elodie alikuwa nyumbani, hata masomoni hakuwa amekwenda, anapanga vikopo kwenye karatoni kwa sababu harusi za Pasaka zilikuwa zinakaribia na watu walikuwa wameanza kununua mapema. Alikuja mbio.

"Docteur alisema nini?"

"Alisema ni jua," mama yake alijibu. "Utapaka mara mbili, na usiku utapaka mara ya tatu."

Elodie aligeuka akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, mkoba wangu mkononi. Nilisema, "Usikae sana ku jua." Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Kisha nikaenda kwangu, na wiki ile Bibiane alitengeneza vikopo vingi kuliko mwezi wowote wa mwaka uliopita.

Elodie alikuwa na mchumba, Lucien, mwalimu wa Bagira, kijana mwenye adabu. Alikuwa Kisangani kwa masomo miaka miwili, na walizungumza kwa simu kila Jumapili. Aliporudi, familia yake ilikuja kujitambulisha, tarehe 13 Agosti 2017. Bibiane alikuwa amempaka Elodie poda tabaka tatu, lakini ilikuwa kiangazi, na sebule ile ina bati tu bila dari. Kabla soda hazijamalizika, poda ilikuwa inateremka na jasho. Chini yake mashavu yote yalikuwa masizi, na paji la uso, na pembe za mdomo.

Shangazi wa Lucien alitoa kikopo kwenye mkoba wake. Alikuwa mteja. Alikiweka mezani, akaweka kidole juu ya picha.

"Sisi tuliomba huyu."

"Ni yeye," Bibiane alisema.

"Hapana, maman. Huyu umeuzisha batu bote wa Kadutu. Sisi unatupatia mwengine."

Lucien aliangalia sakafu. Walimaliza soda zao, kwa sababu walikuwa watu wa heshima, wakaaga mmoja mmoja kwa mkono. Elodie naye walimpa mkono. Hawakurudi.

Bibiane hakumlaumu shangazi yule. Alimlaumu Elodie kwa kutoka jasho. Jumatano iliyofuata alimtuma huku Mumosho kwa koko wake, na neno alilomwambia kwenye kituo cha gari ni hili: "Ukikaa pale ku soko, watasema ni dawa yangu." Basi Elodie akaja kulima. Alilima chini ya jua miaka minane, na jua lilizidisha kile ambacho daktari alitaka akikinge kwa kofia. Kule Kadutu picha yake ya miaka kumi na sita iliendelea kuuzwa. Kila mwaka Bibiane alitengeneza lebo mpya, akazidi kuifanya picha kuwa nyeupe.

Mwaka 2018 nilikwenda kumwambia aache. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kusimamia mtihani. Alinisikiliza hadi mwisho, akifunga vikopo.

"We njo ulinipimia," alisema.

Nilikunywa chai yangu nikaondoka. Sikurudia.

Sasa nifike kwenye ugonjwa wake. Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, Bibiane alishikwa na maumivu makali ya tumbo sokoni. Ilikuwa hernia, yaani ngiri, iliyojifunga, na alipasuliwa siku ileile. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Lakini siku ya sita nyuzi zilikatika, si kwa sababu zilikuwa mbovu, ila ngozi haikuzishika. Walishona mara ya pili. Daktari aliyemshona aliniita kando akasema ni kama kushona karatasi iliyolowa. Ile pomada ya cortisone aliyojipaka mwili mzima miaka kumi na nane ilikuwa imekula unene wa ngozi, na sukari yake ilikuwa juu. Jeraha lilifunguka tena, likaanza kunuka. Baada ya wiki tano walisema ni afadhali arudi nyumbani, asafishwe kila siku asubuhi na saa kumi jioni.

Parfait alikuwa Kolwezi kwenye kazi ya mgodi. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita, hakuweza kufika. Mimi nilikuwa na shule, na pia, nikisema ukweli, harufu ilinishinda. Maman wa sokoni walikuja mara moja moja, wakasimama mlangoni. Hakuna aliyemwita Elodie. Alisikia kwa mtu wa mizigo, akafika tarehe 20 Julai na mfuko mmoja wa nguo.

Bibiane alifungua macho akamwona ameketi karibu na dirisha. Ilikuwa karibu miaka minane tangu waonane.

"Usikae pale," alisema. "Bageni watakuona."

Elodie alisimama akafungua dirisha lote, kwa sababu ya harufu, akaketi palepale. Halafu akachemsha maji.

Alimsafisha kila siku kwa miezi mitatu na nusu. Alijifunza kwa muuguzi jinsi ya kutoa nyama iliyokufa bila kugusa iliyo hai. Alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko. Wawili hao hawakuzungumza sana. Bibiane aliomba kioo, Elodie akampa. Aliomba kikopo, Elodie akasema hapana. Kwa kuwa hakupakwa tena, uso wa Bibiane ulirudia weusi wa zamani kwa mabaka, halafu masizi yakatokea chini ya macho, pale pale yalipoanzia kwa mtoto wake.

Tarehe 12 Septemba, Elodie akiwa anabadilisha bandeji ya saa kumi, mama yake alisema:

"Mwaka ile, docteur hakusema jua."

Elodie hakuondoa mikono. "Alisema nini?"

"Alisema uache. Kama unaacha, hayatazidi."

"Na tantine Colombe?"

"Alikuwa pale."

Elodie alimaliza kufunga. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akatembea kutoka Nyamugo hadi kwangu. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi. Hakuketi.

"Tantine, docteur alisema nini?"

Nilimwambia yote, neno kwa neno, kama nilivyowasomea ninyi.

Alisikiliza. Kisha akasema, "Nilikuwa na vingt ans, miaka ishirini. Ilikuwa madoa mbili tu."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona haya kumwomba kitu kingine tena baada ya vyote tulivyomchukulia. Alisema lazima arudi, mgonjwa hajala. Akarudi.

Toka siku hiyo Bibiane alimwomba msamaha kila asubuhi. Wakati mwingine alilia, wakati mwingine alikasirika, akamwambia mtoto asiyesamehe mama hatapata baraka. Elodie alijibu neno moja: "Bado." Padri alikuja, akazungumza na Elodie uani, kwa upole. Elodie alimwambia, "Mon père, mimi siko nakataa. Siko nayo. Kama ingekuwa ku nyumba ningemupatia."

Jioni ya Jumatatu tarehe 3 Novemba, Bibiane aliuliza mara ya mwisho. Nilikuwepo, nimeshika miguu yake, baridi kama udongo wa mtoni.

"Elodie, unanisamehe?"

"Bado, maman. Kunywa maji."

Akanywa. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba. Wanawake wa familia walitaka kumwosha. Elodie aliwaomba watoke, akamwosha peke yake.

Papa Mardochée alipotusomea ukurasa wake, Elodie alisema kama utachapwa hivyo, hatakaa mbele.

"Marehemu hasemwi vibaya," kaka alimwambia.

"Tonton, si vibaya. Ni vile ilikuwa. Soko iko inasema Elodie aliharibikiwa na ulozi. Banasema nilimuloga maman wangu ku Mumosho, njo maana alikufa na kidonda. Mimi nitaishi wapi?"

Kaka alikunja ukurasa wake. Kisha akanipa kalamu, akasema niandike mimi, kwa kuwa najua jina la unga ule. Hiyo ndiyo sababu niliyowaahidi.

Kwa hiyo niseme wazi mbele ya kaburi, ili asiwepo wa kuuliza kesho. Hakuna aliyelogwa. Uso wa Elodie uliharibiwa na hidrokinoni aliyopakwa na mama yake, na mizani niliishika mimi. Kilichobaki katika mapipa tumekifunga, hakitauzwa, na hakitamwagwa ziwani. Jumamosi tarehe 15 Novemba daktari wa ngozi atakaa katika ukumbi wa parokia kuanzia saa mbili asubuhi. Mwenye kikopo nyumbani aje nacho. Mliopaka miaka mingi ile iliyochanganywa na cortisone, msikate ghafla wenyewe, mwoneni kwanza. Mimi nitakuwa mlangoni kuandika majina. Mkitaka kunitukana, mnitukane pale.

Marehemu ameacha mama yake, maman Nathalie; kaka yake, papa Mardochée, na mke wake na wajukuu zao; mimi mdogo wake; mtoto wake Parfait, ambaye anatusikiliza kwa simu kutoka Kolwezi; na binti yake Elodie, miaka thelathini, aliyemlisha na kumwosha, na ambaye ameniomba nisiandike popote kwamba amemsamehe.

Dada Bibiane, lala. Amani ambayo hukutuachia, Mungu akupe wewe.